Kughani Ubeti wa Guru Parampara Bila Kuuvunja: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Ulimi wa Kiswahili

Wengi wanaojifunza ubeti wa Guru Parampara, yaani ubeti ambao Wahindu huughani kabla ya somo ili kuiheshimu silsila ya walimu wao wa kiroho, hukwama mahali palepale. Wanaufikisha mwisho, wanajiona wamefaulu, lakini aliyeuzoea akiwasikiliza hutambua mara moja kwamba mshororo wa pili na wa nne imevunjika karibu na miisho yake. Sababu si uvivu, wala si ugumu wa Kisanskriti, lugha ya kale ya India ambayo ubeti umetungwa kwayo. Ulimi wa Kiswahili una mazoea yake ambayo, katika sehemu chache tu, yanapingana na ubeti huu, na asiyeonyeshwa sehemu hizo atayarudia makosa yaleyale hata akiusoma mara mia.

Mwongozo huu unazionyesha sehemu hizo moja baada ya nyingine. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa maana anayeruka hadi kwenye kukariri huishia kukariri kosa, na kosa lililokaririwa ni gumu kulitoa kuliko ubeti wenyewe ulivyo mgumu kuujifunza.

Mahitaji

Unahitaji karatasi na penseli, simu yenye kinasa sauti, na mahali patulivu pa kuketi. Unahitaji pia mtu aliyefundishwa ubeti huu, au walau rekodi ya mtu wa namna hiyo, kwa ajili ya kujilinganisha. Ubani, taa ya mafuta na tasbihi ya punje 108 si lazima: ubeti huu kwa kawaida hughaniwa mara moja mwanzoni mwa somo, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu.

Huu ndio ubeti katika maandishi ya Kidevanagari, ambayo unaweza kumwonyesha mwalimu ili ahakikishe mnazungumzia kitu kimoja:

सदाशिवसमारम्भां शङ्कराचार्यमध्यमाम् ।
अस्मदाचार्यपर्यन्तां वन्दे गुरुपरम्पराम् ॥

Na huu ni ubeti huohuo katika tahajia tutakayoitumia hapa:

Sadaashiva-samaarambhaam
Shankaraachaarya-madhyamaam
Asmadaachaarya-paryantaam
Vandee guru-paramparaam

Irabu iliyoandikwa mara mbili ni ndefu, kama ilivyo katika «saa» na «taa». Katika vitabu vingi vya Kihindu vilivyochapishwa kwa herufi za Kirumi, urefu huo huonyeshwa kwa kistari juu ya irabu, au hauonyeshwi kabisa. Ukikuta maandishi yasiyoonyesha urefu, yaache, kwa kuwa hayatakusaidia katika hatua ngumu kuliko zote.

Hatua ya 1: Hakikisha ni ubeti wa silsila yako

Ubeti huu una sura zaidi ya moja, na tofauti zake zina maana. Sura iliyoandikwa hapo juu inaianzisha silsila kwa Sadashiva, ambalo ni jina la mungu Shiva, na inatumiwa sana na wanafunzi wa Vedanta (falsafa ya Kihindu) ya Shankara, ndiye Shankaracharya wa mshororo wa pili. Wapo wanaoianzisha kwa Narayana, ambalo ni jina la mungu Vishnu, badala yake, wakisema «Naaraayana-samaarambhaam», na mshororo wa pili kwao unaweza kubaki ulivyo au ukawa «Vyaasa-shankara-madhyamaam».

Washri-Vaishnava wa kusini mwa India, waabudu wa Vishnu wanaofuata mafundisho ya Ramanuja, husema «Lakshmiinaatha-samaarambhaam, naathayaamuna-madhyamaam», wakiweka katikati Nathamuni na Yamuna, walimu waliomtangulia Ramanuja. Mishororo miwili ya mwisho ni ileile kwa wote.

Sababu ya kuanza na jambo hili ni kwamba ubeti unataja ukoo wa elimu, na haifai mtu kuutaja ukoo usio wake mbele ya wenyewe. Ukialikwa katika darasa au hekalu, uliza kwanza wanaanza kwa nani. Hapa Afrika Mashariki swali hilo lina uzito zaidi, kwa sababu Wahindu wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wana asili ya Gujarat, na wengi wao ni wa madhehebu ya Kivaishnava yenye silsila na dua zake. Huenda ubeti huu usiwe wanaoutumia.

Umefaulu hatua hii ukiweza kusema bila kusita silsila yako inaanzia kwa nani na katikati yupo nani.

Hatua ya 2: Uandike kwa mizani

Mswahili aliyewahi kusoma au kutunga utenzi ana bahati. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani nane, jumla mizani 32. Ubeti huu wa Kisanskriti umetungwa katika bahari iitwayo anushtubh, ambayo nayo ina vipande vinne vya silabi nane, jumla 32. Kipimo unacho tayari sikioni. Kinachokosekana ni vina tu, kwa kuwa bahari hiyo haivihitaji.

Chukua karatasi uandike hivi, kila silabi peke yake:

sa – daa – shi – va – sa – maa – ram – bhaam
shan – ka – raa – chaar – ya – madh – ya – maam
as – ma – daa – chaar – ya – par – yan – taam
van – dee – gu – ru – pa – ram – pa – raam

Sasa angalia mahali ambapo mkato huu haufanani na wa Kiswahili. Sisi tungekata «ra-mba», kwa sababu silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu na «mb» yetu husimama pamoja. Katika Kisanskriti «m» inabaki upande wa kushoto na kuifunga silabi: ram, kisha bhaam. Vivyo hivyo «van-dee» na si «va-nde», «yan-taam» na si «ya-ntaam». Silabi iliyofungwa huhesabiwa kuwa nzito, na uzito huo tutauhitaji katika hatua ya nne.

Onyo la kwanza ni kuhusu irabu za ziada. Ulimi wetu huchomeka irabu mahali ambapo konsonanti zimegusana, kama tulivyofanya tulipolipokea neno «kitabu» kutoka katika «kitab». Anayesema «shankaraachaariya» amepata silabi tisa, na anayesema «samaarambhaamu» vilevile amepata tisa. Hesabu kwa vidole unapotamka. Ukimaliza vidole vinane na neno halijaisha, umechomeka irabu.

Onyo la pili ni la upande wa pili. Wasemaji wa Kigujarati na Kihindi, katika lugha zao za kila siku, huidondosha «a» fupi ya mwisho wa neno, wakasema «Shiv» kwa Shiva na «Ram» kwa Rama. Hiyo ni haki yao katika mazungumzo, lakini ukiiga «Sadaashiv samaarambhaam» utabaki na silabi saba. Katika jambo hili Mswahili ana nafuu kuliko hata baadhi ya Wahindi, kwa kuwa sisi hatuimezi irabu ya mwisho.

Hatua ya 3: Rekebisha sauti tatu

Sauti nyingi za ubeti huu unazo tayari. «Ch» ni ya «chai», «sh» ni ya «shamba», na «nk» katika «Shankara» hutamkwa kama katika «benki». Zinazowasumbua watu ni tatu.

Ya kwanza ni «dh» katika «madhyamaam», na hili ndilo kosa ninalolisikia mara nyingi kuliko yote. Mswahili akiona «dh» husoma ya «dhahabu», akiuweka ulimi kati ya meno. Sauti hiyo haimo kabisa katika Kisanskriti. «Dh» ya Kisanskriti ni «d» inayotoka pamoja na pumzi, kana kwamba umesema «d» na «h» kwa mkupuo mmoja. Penseli yako na iandike alama ya pumzi pale: mad'h-ya-maam. Kanuni hiyohiyo inahusu «th» katika «Lakshmiinaatha» kwa wanaotumia sura hiyo: ni «t» yenye pumzi, wala si «th» ya «thelathini».

Ya pili ni «bh» katika «samaarambhaam». Ugumu wake ni kwamba «b» na «d» za Waswahili wengi huvuta hewa kidogo kuelekea ndani, ilhali hizi zinataka hewa itoke kwa nguvu. Shika kiganja mbele ya midomo, useme «baha» polepole, kisha uharakishe hadi silabi mbili ziwe moja: «ba-ha, baha, bhaa». Kiganja kisipohisi pumzi, bado. Aliyekulia Mombasa ataelewa upesi, kwa kuwa Kimvita hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini kwa pumzi hiyohiyo, ila kwa «p».

Ya tatu ni «v» ya «vandee» na «shiva», ambayo walimu wengi wa kusini mwa India huitamka laini, kati ya «v» na «w» yetu. Usiihangaikie. Ukisema «v» ya «vazi» utaeleweka, na hakuna atakayekusahihisha kwa ukali.

Utajua umefaulu ukijirekodi ukisema «madhyamaam» mara tano na kumpa mtu mwingine asikilize: asiposikia «dhahabu» hata mara moja, endelea.

Hatua ya 4: Tofautisha zito na jepesi

Hapa ndipo ubeti unapovunjika, nami naomba ukae katika hatua hii kwa siku mbili au tatu hata kama unajiona umeielewa kwa dakika tano.

Katika utenzi mizani zote zina thamani moja. Katika anushtubh silabi ina uzito. Silabi yenye irabu ndefu, au iliyofungwa na konsonanti, ni nzito na huchukua mapigo mawili. Silabi yenye irabu fupi iliyo wazi ni nyepesi na huchukua pigo moja. Kumbuka kwamba «e» ya Kisanskriti siku zote ni ndefu, ndiyo maana tumeandika «vandee».

Piga mapigo kwa kidole juu ya goti, ukihesabu kila mshororo peke yake. Wa kwanza una mapigo 12, wa pili 13, wa tatu 14 na wa nne 12, jumla mapigo 51. Ukipata pungufu, umefupisha irabu ndefu. Ukipata zaidi, umerefusha iliyo fupi.

Sasa angalia silabi ya tano, ya sita na ya saba za kila mshororo, kwa sababu ndizo mhimili wa bahari hii:

Mshororo wa 1: sa – maa – ram (nyepesi, nzito, nzito)
Mshororo wa 2: ya – madh – ya (nyepesi, nzito, nyepesi)
Mshororo wa 3: ya – par – yan (nyepesi, nzito, nzito)
Mshororo wa 4: pa – ram – pa (nyepesi, nzito, nyepesi)

Silabi ya tano ni nyepesi na ya sita ni nzito kote. Ya saba hubadilika: nzito katika mshororo wa kwanza na wa tatu, nyepesi katika wa pili na wa nne. Sasa kumbuka desturi ya Kiswahili: sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tunapoweka mkazo tunarefusha. Silabi ya pili kutoka mwisho katika mshororo wa silabi nane ni hiyo ya saba. Katika mshororo wa kwanza na wa tatu mkazo wetu unaangukia «ram» na «yan», ambazo ni nzito tayari, kwa hiyo hakuna anayegundua chochote. Lakini katika wa pili tunasema «madhyaamam», na katika wa nne «parampaaram», tukirefusha iliyopaswa kuwa fupi na kufupisha ya mwisho iliyopaswa kuwa ndefu. Hapo ndipo msikilizaji anaposhtuka.

Dawa yake ni zoezi moja. Chukua miisho ya mishororo hiyo miwili tu, uitamke ukigonga meza mara moja kwa «ya» na «pa», na mara mbili kwa silabi ya mwisho: «madh-ya-MAAAM», «ram-pa-RAAAM». Itie chumvi makusudi. Fanya hivyo mara ishirini asubuhi na mara ishirini jioni. Nilipofundishwa ubeti huu nilikatazwa kusoma mishororo mizima kwa siku mbili, nikabaki na vipande hivyo viwili kama mtoto wa chuoni na ubao wake. Nilikasirika, ila sikulirudia tena kosa hilo.

Utajua umefaulu ukisikiliza rekodi yako na silabi ya mwisho ya mshororo wa pili na ya wa nne ikadumu kuliko ile iliyoitangulia.

Hatua ya 5: Panga pumzi

Vuta pumzi kabla ya «Sadaashiva», ughani mishororo miwili ya kwanza, usimame baada ya «madhyamaam», kisha umalizie miwili iliyobaki. Mstari mmoja wa wima katika maandishi ya Kidevanagari unaonyesha kituo hicho cha katikati, na mistari miwili inaonyesha mwisho. Mwenye pumzi fupi anaweza kutua kidogo baada ya «samaarambhaam» na «paryantaam».

Usitue katikati ya neno. Mara nyingi watu hukata «asma… daachaarya», kumbe «d» ni ya neno la kwanza: asmad, yaani «letu» au «wetu», ikaungana na aachaarya, mwalimu.

Hatua ya 6: Ielewe sarufi ya heshima hii

Anayeujua ubeti kwa sauti tu husahau mshororo wa tatu siku akitetemeka mbele za watu. Anayeijua maana yake hasahau, kwa sababu mishororo inavutana.

«Samaarambha» ni mwanzo, «madhyama» ni iliyo katikati, «paryanta» ni kikomo, «paramparaa» ni mfuatano wa mmoja baada ya mwingine, na «vandee» ni «nainamia kwa heshima». Wasomaji waliokulia karibu na tarika za Kisufi watatambua mara moja jambo linalotajwa: ni silsila. Maana yake kwa Kiswahili ni hii: naiinamia silsila ya walimu, iliyoanzia kwa Sadashiva, iliyo na Shankaracharya katikati yake, iliyofika hadi kwa mwalimu wetu.

Sikiliza jinsi Kiswahili kinavyobeba «i» kutoka neno hadi neno: iliyoanzia, iliyo na, iliyofika. Hivyo ndivyo «-aam» inavyofanya kazi katika Kisanskriti. Maneno matatu ya kwanza yanaishia kwa «-aam» kwa sababu yanaafikiana na «paramparaam» lililo mwisho kabisa, ambalo ndilo linaloinamiwa. Ni upatanisho wa kisarufi, ila umewekwa nyuma ya neno badala ya mbele. Ukilijua hili hutaidondosha «m» ya mwisho tena, kwa kuwa utajua inafanya kazi gani.

Kwa nini Shankara yuko katikati? Kwa sababu mbele yake wapo waliomtangulia, miongoni mwao Gaudapada, na Govinda aliyekuwa mwalimu wake mwenyewe. Na nyuma yake wapo wanafunzi wake wanne wanaotajwa na mapokeo, Padmapada, Sureshvara, Hastamalaka na Totaka. Mapokeo hayohayo humnasibisha na vituo vinne vya watawa vilivyopo hadi leo, Sringeri, Dwaraka, Puri na Jyotirmath. Kati yake na wewe wapo walimu wengi ambao majina yao hayatajwi, na ubeti unawajumuisha wote kwa neno moja tu, «paryantaam».

Hapa pia ndipo pa kujiuliza swali ambalo baadhi ya wasomaji Waislamu na Wakristo wameniuliza: je, naweza kuusoma kama elimu tu? Kuujifunza kwa ajili ya lugha na bahari yake ni jambo moja; kuughani mikono ikiwa imekunjwa mbele ya madhabahu ni jambo lingine, kwa sababu «vandee» ni kitenzi cha nafsi ya kwanza na anayekitamka anatenda. Wenyeji wa hekalu hawatakulaumu ukikaa kimya kwa adabu.

Hatua ya 7: Kariri kwa kupokezana

Njia ya kale ya madarasa ya Kihindu ni mwalimu kutamka mara moja na mwanafunzi kurudia mara mbili. Itumie. Kama huna mwalimu karibu, rekodi ifanye kazi yake: sikiliza mshororo mmoja, simamisha, rudia mara mbili, endelea. Siku ya kwanza chukua mshororo wa nne, ya pili wa tatu na wa nne, ya tatu wa pili hadi wa nne, ya nne ubeti mzima. Kuanzia mwisho kunafanya kila unapoghani uelekee kwenye sehemu unayoijua zaidi, badala ya kuelekea gizani.

Usikariri kwa kuangalia tahajia ya Kiswahili baada ya siku ya nne. Ikunje karatasi uiweke kando, kwani macho yakiendelea kuona «dh» ulimi utarudi kwenye «dhahabu».

Hatua ya 8: Uweke mahali pake

Ubeti huu ni shloka, yaani ubeti wa kawaida wa Kisanskriti; haumo katika Veda, maandiko matakatifu ya kale ya Wahindu, kwa hiyo hauna zile sauti za kupanda na kushuka ambazo mantra za Veda zinazitaka zifuatwe bila kukosea. Ndiyo maana unafundishwa kwa mtu yeyote, na mahadhi yake hutofautiana kutoka darasa hadi darasa.

Keti wima, kunja viganja pamoja mbele ya kifua, funga macho ukipenda. Wengi huanza kwa «Om», wakaughani ubeti mara moja, wakamalizia kwa «Om shrii gurubhyoo namaha», yaani heshima kwa walimu. «Bh» ya hapo nayo ina pumzi. Baada ya hapo somo huanza. Siku yake kubwa ni Guru Purnima, mbalamwezi pevu ya mwezi wa Kihindu wa Ashadha, ambayo huangukia Juni au Julai, na siku hiyo utausikia katika madarasa mengi ya Vedanta na ya yoga.

Unapofika kwenye «asmadaachaarya», mlete akilini mtu halisi. Wasio na guru rasmi huniuliza wamfikirie nani, nami huwajibu: aliyekufundisha ubeti huu, hata kama ni jirani aliyekusahihisha «madhyamaam» ukiwa umesimama mlangoni.

Ukighani na kundi kwa mara ya kwanza, shusha sauti yako chini ya yao na ufuate mahadhi yao, hata kama si uliyoyazoea. Wakienda haraka, nenda nao. Wakifupisha «ya» ya mshororo wa pili, utajua wamefundishwa vizuri. Wakiirefusha, wewe ifupishe kimyakimya, wala usimsahihishe mtu hadi ubeti uishe.